Mikoko yetu inaliwa, ni kaa au ni mbuzi?

MwanaAmu: Asalaam aleikum wenzangu, nina swali na msinicheke. Kikundi chetu hapa Lamu tumepanda mikoko na michu (ile aina nyingine ya miti ya mikoko), sasa miezi miwili imepita, mbegu za mkoko karibu zote zimetafunwa, nyingine zimeburutwa mpaka mlangoni mwa shimo la kaa zikakwama hapo, na michu nayo imekatwa vichwa. Mzee mmoja kasema tumwage dawa tuue kaa wote. Mi roho inakataa, mnaonaje?

Kobe_Mzee: Waleikum salaam. Dawa msimwage tafadhali! Kaa na mkoko wamejuana zamani. Mbegu anakula kweli, lakini majani yakidondoka anayavuta shimoni kabla maji hayajayabeba, ndo rutuba inabaki hapo hapo, na yale mashimo ndo yanayopitisha hewa kwenye tope. Mkoko mkubwa unamwaga mbegu nyingi, kaa anakula na nyingine zinapona, nyinyi mmechomeka chache tena laini, mmemwekea karamu lol. Otesheni kitaluni kwanza, shina likishakomaa kaa hahangaiki nalo sana.

BintiShela: Michu hiyo ni mbuzi, naapa. Kaangalie kama vichwa vimekatwa kimo kimoja, kimo cha mdomo wake. Majani ya mchu yana chumvi, wanyama wanayapenda, kule Gujarat India kuna ngamia wanaogelea kabisa kuyafuata. Shida ya mbuzi ni kwamba asili yake Asia, huku kaletwa, na ana mwenyewe anayempa maji na kumlinda, kwa hiyo michu ikipungua yeye hapungui, maji yakitoka tu huyo karudi.

Mfugaji254: Haya, kila kitu mbuzi! Na punda je? Wanazurura mji mzima usiku kucha hamuwataji kwa vile wanawabebea mchanga.

Kobe_Mzee: Punda pia haha, hatujamsahau. Ila chukua Aldabra huko Shelisheli, kuna kobe wakubwa kama laki moja, wamechunga pale miaka na miaka mpaka kuna nyasi zimekuwa fupi kabisa na mbegu zake zinatokea chini kwenye ardhi ambako mdomo wa kobe haufiki vizuri. Basi watu wakapeleka mbuzi, wakala vichaka ambavyo kobe anajibanza jua likiwaka, na kobe akikosa kivuli mchana anakufa kwa joto. Mpaka 2012 ndo mbuzi wakaisha kisiwani.

MwanaAmu: Nimerudi huko jioni hii na tochi. Vinyesi vya mbuzi vimejaa, vya punda pia vipo (pole Mfugaji, umepata nusu). Tutazungushia fito upande wa nchi kavu tu, upande wa maji tuache wazi, na fito zenyewe ni za zamani msije mkasema tumekata mikoko kulinda mikoko. Mzee wa dawa nimemwambia asubiri. Kuna kaa mmoja nimemmulika, kashika jani la mkoko la manjano kubwa kuliko yeye, akaingia nalo shimoni ubavu ubavu wala hana habari na mimi.