Kebo: bei ya chaneli moja moja au vifurushi?

Wadau, naweka hoja mezani. Mteja wa televisheni ya kebo auziwe chaneli moja moja anazozitaka, au vifurushi viendelee kama vilivyo? Mimi nipo upande wa moja moja, ila nina wasiwasi wangu.

Kampuni zinasema gharama kubwa ni haki za matangazo, hasa za michezo, na hapo hazidanganyi. Ligi ikiuza haki zake kwa bei mbaya, mwenye chaneli anaihamishia kampuni ya kebo, na kampuni inatugawia sote, hata bibi asiyejua golikipa anasimama wapi. Wanaotetea vifurushi wanajibu kwamba mpenzi wa mpira naye anachangia chaneli za watoto na za makala, ambazo zikiachwa zijiuze zenyewe zitakufa. Hoja hiyo nzito, siipuuzi. Lakini kama tunachangiana, bili ituoneshe kila chaneli inatukata kiasi gani. Kwa nini iwe siri?

Wapo waliojaribu kuuza moja moja. Canada, mdhibiti wao, CRTC, aliamuru kifurushi cha msingi kisizidi dola 25 kwa mwezi kuanzia Machi 2016, na kufikia Desemba mwaka huohuo chaneli za ziada ziuzwe moja moja na pia kwa mafungu madogo. India nao mwaka 2019 wakaanza utaratibu wa kila chaneli ya kulipia kutangazwa bei yake, na juu yake ada ya mtandao wa kusambaza chaneli (si intaneti) isiyozidi rupia 130 kwa chaneli 100, kabla ya kodi. Kwenye karatasi ilipendeza. Wenye chaneli wakaweka bei ya juu kwa moja moja, kisha punguzo nono kwa anayebeba fungu zima, na mteja akajikuta kwenye kifurushi kilekile. Januari 2020 mdhibiti akatoa kanuni mpya za kubana punguzo hizo, wenye chaneli wakakimbilia mahakamani. Ndiyo wasiwasi wenyewe: bila ukomo wa punguzo, uhuru wa kuchagua unabaki jina tu.

Tuje kwenye ubora, maana hapa ndipo tunapoibiwa kimyakimya. Zamani mawimbi yakiwa dhaifu uliona chenga, ukavumilia. Dijitali haina huruma: picha ni safi, ghafla inaganda, inakatika vipande vya mraba, sauti inakwaruza. Mara nyingi kosa ni kiunganishi kilicholegea au waya uliogawanywa vyumba vitatu. Ukiugawa pande mbili tu, kila upande unapata chini ya nusu ya nguvu. Fundi mzuri anamaliza hilo kwa dakika chache. Lakini ukipiga simu unaambiwa zima, subiri, washa. (Nani hajaambiwa?)

Kuna lingine ambalo fundi hawezi kulitibu. Nafasi moja ya megahezi 6 (kipande cha masafa) kwenye waya hupitisha takribani megabiti 38 za data kwa sekunde. Kampuni inaweza kuweka humo chaneli chache zinazopumua, au kuzishindilia nyingi. Zikishindiliwa, kila moja inapata data kidogo: mtangazaji aliyekaa mezani anaonekana vizuri, ila mpira ukipigwa kwa kasi nyasi zote zinageuka uji. Tangazo linasema HD, yaani picha ya ubora wa juu, na kwa idadi ya nukta za picha ni HD kweli.

Mtaniambia mteja asiyeridhika ahame. Ahamie wapi? Kutandaza waya ni gharama, ndiyo maana maeneo mengi yana kampuni moja tu. Marekani iliziachia kampuni bei kwa sheria ya mwaka 1984, malalamiko yakazidi, na mwaka 1992 Bunge likarudisha udhibiti. Kuna intaneti, sawa, lakini mara nyingi inapita kwenye waya wa kampuni ileile.

Pendekezo langu: bei ya kila chaneli iandikwe kwenye bili, punguzo la mafungu liwe na ukomo, na siku ambazo huduma imekatika zirudishwe bila mteja kuomba. Mnaotetea vifurushi, nianzieni na hilo la tatu: lina ubaya gani?