Erichthonius na Erechtheus: mfalme mmoja wa Athens au wawili?

Swali
Wadau, salaam. Orodha ya wafalme wa kale wa Athens iliyomo katika maandishi ya Apollodorus, mkusanyaji wa visasili vya Kigiriki, ina Cecrops wawili, Pandion wawili, na pia Erichthonius na Erechtheus, ambao majina yao yanakaribiana mno. Je, hawa wawili walikuwa watu tofauti tangu mwanzo?

Mchangiaji wa kwanza
Kwa maoni yangu, alikuwa mmoja. Katika kitabu cha pili cha Iliad, utenzi wa kale wa vita vya Troy, Homer anamtaja Erechtheus peke yake, kwamba alizaliwa na ardhi na kulelewa na mungu wa kike Athena. Baadaye kuzaliwa huko kukahamishiwa kwa Erichthonius: mungu Hephaestus alitaka kumwingilia Athena kwa nguvu, mbegu yake ikamwangukia mguuni, naye Athena akaipangusa kwa sufu na kuitupa chini, ndipo ardhi ikazaa mtoto. Athena akamficha mtoto huyo kikapuni na kumkabidhi kwa mabinti wa Cecrops, akiwakataza wasifunue. Pandrosus alitii, dada zake walichungulia, wakaona nyoka kando ya mtoto, na inasemekana wakaingiwa na wazimu, wakajirusha kutoka Acropolis, kilima cha Athens. Erechtheus alibakiwa na vita dhidi ya Eleusis, mji wa jirani, ambavyo ili avishinde ilimbidi amtoe binti yake kafara.

Mchangiaji wa pili
Naongezea kuhusu Cecrops wa pili, ambaye hana kisa chochote cha maana (wa kwanza, nusu mtu nusu nyoka, anavyo tele). Maandishi ya marumaru ya Paros, kisiwa cha Ugiriki, yaliyochongwa karibu mwaka 264 KK, yanauweka utawala wa Cecrops wa kwanza karibu mwaka 1581 KK na kuanguka kwa Troy karibu mwaka 1209 KK. Aliyetaka kuipitia miaka yote hiyo kizazi kwa kizazi alihitaji wafalme wengi kuliko waliokuwa na masimulizi, na nadhani ndiyo sababu majina yalirudiwa.

Mwuliza swali
Nashukuru. Na katika ibada, nani kati yao aliheshimiwa?

Mchangiaji wa kwanza
Erechtheus. Pausanias, msafiri Mgiriki aliyelizuru hekalu la Erechtheion kwenye Acropolis katika karne ya 2 BK, anasema kwamba kwenye madhabahu ya Poseidon, mungu wa bahari, watu walimtolea sadaka Erechtheus pia, ingawa masimulizi yanasema Poseidon ndiye aliyemwangamiza. Erichthonius, Pausanias anamkisia tu katika yule nyoka aliyechongwa karibu na mkuki wa sanamu ya Athena, ndani ya hekalu lake la Parthenon.