UKOO MMOJA: habari ya pikapu

Jumatano

Shangazi 06:12: Amkeni. Nimepata gari. Hilux dabo kebini, dizeli ya 3.0, ya mwaka 2009, fowili (tairi zote 4 zinavuta) yenye lo, ile gia nzito ya njia ngumu. Mwenye nalo anataka arabuni leo kabla jua halijazama.

Shangazi 06:13: [picha 7]

Shangazi 06:13: Wote mjibu. Msiniletee vidole gumba, andikeni.

Kitindamimba 06:40: Shikamoo Shangazi 👍

Shangazi 06:41: Marahaba. Nimesema nini kuhusu vidole?

Kitindamimba 06:41: 👍👍

Shangazi 07:05: Mvua zikikatika tunaingia njia za porini. Mwaka jana tulikaa ndani tukitazama picha za watu wakivuka mito. Mwaka huu sikubali.

Kaka 08:31: Shikamoo Shangazi. Linapendeza. Limeinuliwa?

Shangazi 08:33: Inchi 4, matairi ya matope, snokeli, lile bomba la kuvutia hewa juu ukipita majini. Ni kujaza mafuta na kuondoka.

Kaka 08:36: Basi tuma arabuni. Hilux haifi. Mwaka 2007 iliendeshwa juu ya barafu mpaka mahali ncha ya sumaku ya kaskazini ilipopimwa 1996.

Kitindamimba 08:37: Kaka unataka kutufikisha kwenye barafu, na ile gari yetu ya bluu hata

Kitindamimba 08:37: Basi naacha

Shangazi 08:38: Usiache. Maliza.

Kaka 08:39: Ya bluu haihusiani na hii.

Mama 09:50: Ya bluu nilisukuma mimi. Na viatu vya sherehe.

Kitindamimba 09:51: 😂😂 Mama ulichomoa mguu, kiatu kikabaki kwenye tope

Mama 09:52: Mpaka leo kiko huko.

Kitindamimba 09:52: Tukinunua hii kituo cha kwanza ni kukifukua

Mama 09:53: Kilikuwa kizuri kile kiatu. Nilikivaa mara moja tu.

Shangazi 09:58: Wifi, nakuomba, turudi kwenye arabuni. Siku inakwenda.

Mjomba 11:20: Nilikuwa chini ya gari la mtu, ndiyo naosha mikono. Shemeji, usitume hata senti.

Mjomba 11:22: Picha ya tano, ivuteni karibu. Raba ya pedali ya klachi imelika mpaka chuma kinang'aa. Ya breki imelika pembe ya kulia. Dashibodi inasoma kilomita 98,000. Mguu hauli raba namna ile kwa kilomita 98,000.

Mjomba 11:25: Picha ya pili, ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT: 3413. Yaani wiki ya 34 ya mwaka 2013. Meno bado yamesimama, lakini raba imezeeka. Ukishusha upepo mpaka psi 18 kupita mchangani, ubavu unapasuka.

Shangazi 11:27: Matairi tutanunua, shemeji.

Mjomba 11:28: Matairi sawa. Chesisi je? Picha 7, hakuna hata moja iliyopigwa kutoka chini.

Mjomba 11:31: Na hizo inchi 4. Mbele haina ekseli moja nzima, kila tairi linajitegemea. Ukiinua bila kushusha difu, lile sanduku la gia katikati ya tairi, drivshafti zinazozungusha tairi zinakaa kwa mshazari mkali, mipira yake inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia.

Kaka 11:33: Ile ya kwenye barafu nayo iliinuliwa Mjomba.

Mjomba 11:34: Ile ilijengwa upya na Arctic Trucks wa Aisilandi kwa ajili ya safari ile. Hii imeinuliwa na nani? Ulizeni jina la fundi.

Shangazi 11:50: Nimempigia. Fundi hamkumbuki. Ila anasema chesisi ni nzima kabisa, amepaka rangi nyeusi isiote kutu.

Mjomba 11:51: Amepaka lini?

Shangazi 11:58: Wiki iliyopita.

Kitindamimba 11:58: 👀

Mjomba 12:04: Rangi mbichi inafunika kutu na inafunika weldi. Ndiyo maana naenda na nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu kama umegonga gogo bichi. Ninaanza nyuma ya kebini, kisha pale springi za nyuma zinaposhikwa. Pikapu ikibebeshwa mzigo nyuma ya ekseli na kupita mashimoni, hapo ndipo chesisi inapopinda.

Mjomba 12:06: Na ukiona snokeli ujue kuna mtu aliipeleka majini, au alitaka kuipeleka. Difu zifunguliwe nati, zote mbili. Mafuta yakitoka na rangi ya maziwa, maji yaliingia.

Kaka 12:10: Tukikagua hivyo hatutanunua gari maishani.

Mjomba 12:11: Ya bluu hamkunisubiri.

Kaka 12:11: Tena ya bluu.

Mjomba 12:15: Nani alirudi na fowili juu ya lami kavu safari nzima? Ile haikuwa na difu ya katikati. Kwenye kona tairi za mbele na za nyuma hazizunguki sawa. Udongoni tairi linateleza kidogo, mkazo unatoka. Lami haikubali, mkazo wote unarudi kwenye transfa, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma. Mlinipigia mnyororo umeshakatika. Siku 3 nimelala chini yake.

Kaka 12:17: Niliomba msamaha.

Mjomba 12:17: Sikutaja msamaha.

Kaka 12:19: Ujumbe huu umefutwa

Mama 13:02: Jamani.

Shangazi 14:30: Watu 14 wamesoma, wanaoandika ni wale wale. Nawaona.

Binamu 15:44: Niko kazini nimepitia juu juu. Tunauza gari?

Shangazi 15:45: Tunanunua.

Binamu 15:46: Aa. Hongereni

Kitindamimba 15:47: Napendekeza tuipake nyekundu isije ikakumbusha watu mambo

Shangazi 15:47: Wewe nyamaza kidogo.

Babu 17:30: Nimesoma yote tangu asubuhi. Binti yangu, haraka hii ni ya muuzaji, si yako. Pesa isitoke mpaka shemeji yako awe amelala chini ya hilo gari na kuinuka. Na zile siku 3 za mikono yake hazijalipwa. Zilipwe kwanza, ndipo mnitajie gari.

Shangazi 17:52: Nimekusikia Baba.

Kaka 18:05: Sawa Babu. Mjomba, nitakupigia usiku.

Mjomba 18:20: Nitapokea.

Shangazi 19:10: Nimemwambia muuzaji hakuna arabuni mpaka tukague Jumamosi. Anasema kuna mtu anakuja kuliona Ijumaa usiku, akilipenda analichukua. Shemeji, Ijumaa jioni je?

Mjomba 19:26: Ijumaa nina gari la watu nimelifungua, siwezi kuliacha wazi. Babu ameshasema, pesa inaningoja. Ila mnaweza kwenda kulitazama. Mwambieni asiliwashe kabla hamjafika.

Mjomba 19:29: Mkifika, shikeni boneti, kisha paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa na joto, amelipasha, hataki mlisikie likiamka na baridi. Rudini. Ikiwa baridi, liwasheni mkiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Kisha fungueni kifuniko cha oili injini ikinguruma. Kikirushwa na pumzi, injini imechoka.

Mjomba 19:31: Lo ingizeni mkiwa kwenye udongo. Na nambari ya chesisi isomeni kwenye chuma chenyewe, mlinganishe na kadi.

Kitindamimba 19:33: Ijumaa mimi nipo. Nitabeba nyundo

Shangazi 19:34: Leseni huna. Nani atalijaribu?

Kitindamimba 19:34: Nyundo haitaki leseni Shangazi

Shangazi 19:35: Kaka yako?

Shangazi 20:15: Namwona amesoma.

Mama 20:40: Nitakwenda mimi. Naendesha, lakini sisukumi.

Shangazi 20:41: Ahsante wifi. Ijumaa saa 10 jioni basi. Na kaka yao nasubiri jibu.