Maktaba ya chuo: tuwaulize walioridhika, au tuwahesabu waliotoka mikono mitupu?

Mwanzisha mada

Wadau, salaam. Kuna jambo linanikereketa muda mrefu, leo naliweka mezani.

Kila mwaka, mitihani ikikaribia, maktaba ya chuo nilichosoma ilikuwa inatugawia dodoso. Umeridhika na huduma? Sana, kiasi, hapana. Baadaye ripoti inatoka: wengi wameridhika, walioingia langoni wameongezeka, vitabu vipya vimenunuliwa. Ripoti inawekwa kabatini, mwaka mwingine unaanza. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka tiki kwenye "nimeridhika sana" siku ambayo nilikosa vitabu vyote viwili nilivyovifuata. Dada wa kaunta alinihudumia kwa upole, ndani palikuwa kimya, nilipata kiti karibu na dirisha. Dodoso halikuwa na swali hata moja la kama nilipata kitabu.

Ndiyo maana nasema: kuridhika kusiwe kipimo kikuu cha maktaba ya chuo. Tuangalie msomaji alifuata nini, akakosa nini, na kwa nini alikosa.

Nilipoanza uzamili nilifanya jaribio langu. Nilichukua orodha ya vitabu vya somo moja, vichwa 20, nikaingia asubuhi na daftari. Katalogi ikaniambia 16 vipo, vinne maktaba haijawahi kuwa navyo. Nikapanda juu kwenye rafu. Vitatu vilikuwa vimeazimwa, hilo halina neno, vitabu vipo ili visomwe. Kimoja kilipelekwa kujalidiwa upya. Viwili katalogi inasema vipo, lakini mahali pake pana pengo. Nikapiga magoti kwenye rafu ya chini, nikawa nasoma namba za mgongoni kitabu baada ya kitabu. Kimoja nilikikuta safu mbili mbele, kimelazwa juu ya wenzake. Cha pili sijakiona mpaka leo. Kati ya 20 nikatoka na 11, na kile kimoja cha safu ya pili kilinila karibu saa nzima. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, na ya nne ni kuokoa muda wa msomaji. Saa yangu ile hakuna ripoti iliyoihesabu.

Wataalamu walishaliona hili zamani. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Paul Kantor alieleza namna ya kulifuata kila ombi kama mtu anayepita milango mfululizo. Mlango wa kwanza: maktaba ilikinunua? Wa pili: hakijaazimwa na mwingine? Wa tatu: kiko mahali pake? Wa nne: msomaji mwenyewe alijua kukitafuta? Uzuri wa njia hii unaonekana ukipiga hesabu. Tuseme kila mlango unapitisha maombi 90 kati ya 100. Kila kitengo kitajiona kimefanya kazi nzuri. Lakini zidisha milango yote minne: wanaofika mwisho na kitabu mkononi ni kama 66 tu. Theluthi moja ya wasomaji wamepotea njiani, na hakuna kitengo hata kimoja kinachoona kimekosea.

Najua nitaambiwa siku hizi kuna dodoso bora, na kweli lipo. LibQUAL+, lililoanzishwa mwaka 2000 na chama cha maktaba za utafiti cha Marekani na Kanada pamoja na chuo kikuu cha Texas A&M, lina maswali 22 ya msingi, na kila swali linajibiwa mara tatu kwa alama 1 hadi 9: kiwango cha chini unachoweza kukivumilia, kiwango unachokitamani, na kile unachokipata. Tofauti kati yao ndiyo inayosomwa. Ni hatua kubwa. Ila mimi nina shaka moja. Aliyezoea kukosa hushusha matarajio. Kiwango chake cha chini kinateremka mwaka hadi mwaka, na maktaba inaonekana imepanda kumbe ni msomaji aliyekata tamaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kuona maktaba iliyokamilika atalinganisha na nini?

Karibuni. Mnaoona nimekosea, nionyesheni.

Mkutubi

Ndugu mwanzisha mada, nimekaa kaunta miaka mingi na sasa niko upande wa ununuzi wa vitabu. Uchungu wako ninaujua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawatazama wasomaji usoni ninapowaambia "hakipo". Lakini kipimo chako kikiachwa peke yake kitatuumiza.

Kwanza, vile vinne ambavyo hatukununua. Umeuliza orodha ile ilitufikia lini? Wahadhiri wengi hutuletea orodha masomo yameshaanza, wengine hawaleti kabisa, mwanafunzi ndiye anayetuonyesha karatasi aliyopewa darasani. Kitabu kinahitaji kuagizwa, kulipiwa, kupokewa, kupewa namba na kubandikwa lebo. Mlango wa kwanza unafungwa na mtu ambaye hayuko maktaba.

Pili, ukininunulisha vinavyoombwa tu, nitaifanya maktaba duka. Najua mtanijibu kwa utafiti wa chuo kikuu cha Pittsburgh uliochapishwa mwaka 1979. Walifuatilia vitabu 36,892 vilivyonunuliwa mwaka 1969, wakakuta takriban asilimia 40 havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita. Wengi waliutumia utafiti ule kusema wakutubi wanapoteza fedha. Mimi nasema kitabu kilicholala miaka sita hakijafa. Nimewahi kutoa rafuni tasnifu ambayo kadi yake haikuwa na mhuri hata mmoja, nikampa mtafiti aliyeitafuta kila mahali, akaishika kwa mikono miwili. Maktaba ya chuo inamtunzia pia msomaji ambaye bado hajazaliwa, na huyo hawezi kuja na orodha ya vichwa 20.

Tatu, na hili ndilo zito. Mwaka 2019 chuo kikuu cha California kilivunja mazungumzo na Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida ya kitaaluma, kwa sababu ya bei za majarida na haki ya kusoma makala bila malipo. Mkataba mpya ulipatikana mwaka 2021. Katika muda ule watafiti wao walikosa kufungua makala mpya nyingi moja kwa moja. Kwa kipimo chako, maktaba zile zilishindwa vibaya mno. Kwa kipimo changu zilikuwa zinawapigania wasomaji wake kwa nguvu zote.

Mhadhiri

Mnabishana juu ya rafu wakati nusu ya tatizo haliko kwenye rafu. Mimi ni mhadhiri wa sayansi, na miezi inapita sijakanyaga maktaba. Nasoma makala ofisini. Kompyuta ya chuo inatambulika, makala inafunguka, nami nasema nimeipata kwenye intaneti. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kuna mkutubi aliyelipia mlango ule nisiouona. Wenzangu wengi bado hawajui, na ukiwapa dodoso watajibu kwa moyo safi kwamba hawatumii maktaba.

Upande huu waliokosa wanahesabika tayari. Tangu mwaka 2002 kuna mpango wa kimataifa uitwao COUNTER unaosawazisha namna wachapishaji wanavyohesabu matumizi, na miongoni mwa hesabu zake ipo ya maombi yaliyokataliwa: mtu kabofya, mlango umefungwa. Maktaba nyingi zinazo takwimu hizi. Waulizeni mara ya mwisho zilisomwa lini katika kikao cha idara.

Lakini mimi naenda mbali kuliko mwanzisha mada. Kupata kitabu hakutoshi, kilimsaidia nini? Chuo kikuu cha Huddersfield cha Uingereza kilioanisha kuazima vitabu na kutumia majarida ya kielektroniki na daraja la mwisho la shahada, kikakuta uhusiano. Kuingia mlangoni hakukuonyesha uhusiano kama huo. Kwa hiyo zile namba za langoni mnazopigiwa makofi kila mwaka zinatueleza machache sana.

Mwanafunzi wa takwimu

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo tusiteleze. Uhusiano si chanzo. Mwanafunzi mwenye bidii ataazima vitabu na atafaulu, na huenda angefaulu hata kwa maktaba dhaifu. Utafiti wa chuo kikuu cha Minnesota uliotoka mwaka 2013 ulikuta wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotumia maktaba walau mara moja walikuwa na wastani wa juu zaidi na waliendelea na masomo kwa wingi zaidi. Ni habari njema, ila haituambii maktaba ilifanya nini. Yeyote anayempelekea mkuu wa chuo grafu hiyo kama ushahidi kamili anajenga juu ya mchanga.

Msomaji asiyeona

Nimesoma yote kwa makini, na kuna mlango hamkuutaja.

Natumia programu inayonisomea maandishi kwa sauti. Mhula uliopita nilitafuta kitabu cha nadharia ya sheria. Katalogi: kipo, nakala ya kielektroniki, kinafunguka saa zote. Nikakifungua. Programu ikasema "picha". Ukurasa wa pili, "picha". Nikabofya hadi ukurasa wa 30, neno lilikuwa hilo hilo. Mtu alikuwa amepiga kurasa picha tu, maandishi hayakugeuzwa yasomeke. Maktaba ilikinunua, hakikuazimwa na mtu, kilikuwa mahali pake, nami nilijua kukitafuta. Milango yote minne ya ndugu mwanzisha mada niliipita, na sikusoma hata sentensi moja. Kwenye takwimu za COUNTER alizozisifu mwalimu, mibofyo yangu inaweza kuingia kama matumizi.

Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaziruhusu maktaba za nchi wanachama kutengeneza nakala zinazosomeka na watu kama mimi bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Tatizo langu lilikuwa na dawa. Ila halikuandikwa popote kama tatizo.

Mwanzisha mada

Dada au kaka uliyeandika kabla yangu, umenifunga mdomo, na nimefurahi umeandika. Kuanzia leo kwangu milango ni mitano: kipo, na kinasomeka na huyu aliyekiomba.

Mkutubi, kwa California nakukubalia, na nimelazimika kufikiri upya. Nilizungumza kana kwamba kila aliyekosa ni alama ya kushindwa. Waliokosa makala kwa sababu maktaba yao ilikataa bei isiyovumilika hawalingani na mimi niliyekosa kitabu kwa sababu aliyekirudisha alikilaza safu isiyo yake. Lakini ona, tumeweza kuwatofautisha kwa sababu tunajua kila mmoja alikwama mlango upi. Ukiniletea idadi tupu ya waliokosa, nitaikataa kama ninavyokataa idadi tupu ya walioridhika. Nataka kila tukio liandikwe na sababu yake.

Na kwa orodha za wahadhiri una haki kabisa. Siku ile nilipokosa vile vinne niliilaumu maktaba, sikufikiria kumuuliza mwalimu wangu aliwasilisha orodha lini. Sababu ikiandikwa "orodha ilichelewa", mkuu wa idara ndiye atakayejibu.

Kwa msomaji ambaye hajazaliwa sibishani nawe. Tunza. Ila usimtumie yeye kumjibu huyu aliyesimama mbele yako leo na mtihani wa wiki ijayo.

Mwalimu, swali lako la kilimsaidia nini ni zuri kuliko langu, na ni gumu kuliko langu. Mwanafunzi wa takwimu ameonyesha kwa nini. Mimi ningeanza na linalojibika. Kitabu ambacho hakikufika mkononi kilimsaidia msomaji sifuri, na hapo hatuhitaji grafu.

Ninachoomba kwa vitendo ni kidogo. Mara mbili kwa mwaka, watu wasiojulikana kaunta wachukue orodha halisi za masomo mbalimbali, waingie wakatafute, mmoja wao awe anayetumia programu ya kusomewa. Waandike mlango uliowashinda. Na kila siku kaunta iandike kila ombi lililokosa jibu: kichwa, sababu, kilichofanyika baadaye. Kila mwezi karatasi ibandikwe mlangoni, wasomaji na wahadhiri waione.

Mkutubi, wewe uliyekaa kaunta, niambie kama naomba lisilowezekana.

Mkutubi

Linawezekana. Tulikuwa nalo. Kaunta yetu ilikuwa na daftari la jalada gumu, lina mistari ya wino mwekundu tuliyoichora wenyewe: tarehe, kichwa, jina la mwombaji, na upande wa kulia "kimepatikana lini". Kila Ijumaa mkuu wetu alilipitia na kalamu. Vitabu vingi vilinunuliwa kutokana na daftari lile, na visivyoonekana vilitafutwa rafu kwa rafu.

Mfumo wa kompyuta ulipokuja, daftari likasimamishwa. Mfumo una sehemu ya aliyeazima, aliyerudisha, aliyechelewa, anayedaiwa faini. Sehemu ya aliyekuja akakosa haipo, na sikumbuki kama kuna aliyeiulizia siku tulipofundishwa kuutumia. Mimi sikuuliza.

Kikao cha kitengo ni Jumatatu. Nitaliomba daftari lirudi, na safari hii nitaongeza safu moja: kinasomeka na nani.