Mtembezaji wa Mji Mkongwe kamkata baba yangu kauli, na uongo katuuzia kwa dola

Jamani nna hasira mpaka mikono inatetemeka. Jumamosi nimemtoa baba Wete kwa boti, mzee ana miaka 81, ujana wake wote kaumalizia kwenye majahazi, nikasema na yeye atembezwe mjini kama wanavyotembezwa wazungu. Mtembezaji mwenyewe si papasi wa kuvizia watalii mitaani, ana kitambulisho shingoni, na pesa kataka kwa dola wakati sie ni wananchi, nikalipa.

Katupeleka kisiwa cha Changuu kwenye lile jela, akaanza eti humu ndo watumwa walikuwa wanafungwa wakisubiri meli. Muongo! Jengo lile ni la miaka ya 1890, na soko la watumwa la Mkunazini lilishafungwa tangu 1873, tena jela lenyewe halikuwahi kuweka mfungwa, likafanywa karantini ya abiria wa meli kwa kuogopa maradhi. Utumwa ulikuwepo na machungu yake yanatosha, ya nini kuongeza ya kutunga?

Tukarudi Forodhani. Beit el Ajaib, lile jumba la makumbusho, imezungushiwa mabati tangu sehemu yake iporomoke Disemba 2020, ikaua watu wawili. Baba akauliza, ule mtepe uliokuwemo ndani umesalimika? Jamaa hajui mtepe ni kitu gani!! Baba wa watu akaanza kumueleza kwa upole, mwanangu hicho ni chombo cha baharini cha kushonwa, kamba za makumbi, msumari hamna hata mmoja, huku anamuonesha kwa vidole vile kamba inavyoingia tundu hili ikatokea lile, na yule kainamia simu, halafu anamkata, "mzee twende, nna wageni wengine saa tisa".

Nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji, tumesimama robo saa nzima. Mabaharia hata dakika. Sasa mji huu umesimama kwa nini kama si bahari? Zamani kaskazi ikivuma majahazi yalikuwa yanashuka kutoka Arabuni na Bara Hindi na tende na mazulia, kusi ikishika yalikuwa yanarudi na karafuu na boriti. Mwaka 1840 Sultana, meli ya Seyyid Said, imetoka huku ikafika mpaka New York! Hakutaja hata moja.

Baba hajasema kitu njia nzima, na yeye si mtu wa kunyamaza. Anaemjua mtembezaji anaejua mambo ya vyombo aniandikie inbox leo leo, mzee anarudi Pemba Alhamisi.