Breki ya gari linalovutwa, Kisumu hadi Nakuru

Wadau, nitaivuta Jimny yangu ya gia za mkono nyuma ya Land Cruiser, magurudumu yote manne yakiwa barabarani. Ninunue kisanduku cha kuweka ndani ya Jimny kikanyage pedali ya breki, au nifunge mfumo wa breki wa kudumu? Mteremko wa Sachangwan kwenda Salgaa unaninyima usingizi.

— Nilitumia kisanduku. Kabla ya kukiweka, injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mpaka pedali iwe ngumu kama jiwe. Vakuumu (mvuto wa hewa unaoisaidia breki) ikibaki, kisanduku kitakanyaga kupita kiasi. Changu kilinyonya betri ya gari linalovutwa, nikifika Kericho imekufa, nyuma hakuna breki. Fundi alicheka, mimi sikucheka.

— Unavuta kila mwezi? Funga ya kudumu. Na waya wa dharura usisahau: chuma cha kuvutia kikichomoka, Jimny ijifunge breki yenyewe.

— Kila wiki, kaka. Basi ya kudumu.