Mrejesho: picha za leza zilizokuwa zinaungua pembeni na kufifia katikati

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini CNC yangu ndogo ya 3018 (mashine inayoongozwa na kompyuta, yenye leza ya kuchoma picha kwenye mbao) inachoma kingo za picha hadi mkaa, huku uso wa mtu unatoka umefifia kama kivuli. Asanteni sana mliojibu.

Kingo zimepona kabisa. Dawa ilikuwa ule ushauri wa kuwasha hali ya leza kwenye GRBL, programu ya ndani inayoendesha mashine (mpangilio $32=1), na kuwasha leza kwa amri ya M4 badala ya M3. Kwa M3 nguvu inabaki ileile hata mashine ikipunguza mwendo ili igeuke, kwa hiyo mwisho wa kila mstari unapikwa. M4 inashusha nguvu mwendo unaposhuka.

Kufifia nako kulikuwa na sababu yake: $30 (namba ambayo GRBL inaihesabu kuwa nguvu kamili) ilikuwa 1000, lakini programu ya picha inatuma S (kiwango cha nguvu) isiyozidi 255. Yaani leza ilikuwa inafanya kazi kwa robo tu! Nimeweka 1000 kote, nikashusha nguvu ya juu hadi asilimia 60, nafasi kati ya mistari mm 0.1. Macho yanaonekana, hata mikunjo ya shati.

Plaiwudi bado imenishinda. Gundi ya ndani inaleta mabaka, na kubandika tepu ya karatasi juu kumezuia madoa ya moshi tu. Kwenye ubao mtupu wa msonobari picha ileile imetoka safi, japo mistari ya mbao inajitokeza kidogo.

Na mkuu uliyekomalia miwani ya kuzuia mwanga wa leza ya buluu (nanomita 445): nimenunua, utulie sasa.